Siku ya Kesi Alibaki Nyumbani

Siku kesi yake iliposomwa, Mama Sweta alikuwa nyumbani. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, pesa ameifungia kwenye kitambaa, anamsubiri Begi.

Msimcheke mapema. Mama Sweta alimaliza darasa la saba, na samansi aliisoma mwenyewe, kidole juu ya mstari, mara mbili. Ilimtaka afike mahakamani Jumanne, saa tatu asubuhi. Balaa ni kwamba Jumanne saa tatu asubuhi ndiyo ilikuwa siku na saa ya Begi.

Begi alikuwa mkusanyaji wa kampuni ya mikopo. Mtaani hakuna aliyelijua jina lake. Walimwita hivyo kwa lile begi alilolivaa kifuani badala ya mgongoni, kama aliyeazimwa mtoto akaambiwa akimwangusha atamlipa. Kampuni ilikuwa imemkopesha Mama Sweta pesa za kununua mashine ya kufuma masweta ya shule. Mwaka wa kwanza alilipa vizuri. Mwaka wa pili, akiwa amejaza masweta ya kijani hadi chini ya kitanda, shule ikabadilisha rangi. Kijani basi, sasa ni kahawia. Nani atanunua sweta la kijani mtoto akafukuzwe getini? Malipo yakalala, yakalala tena, mpaka Begi akaja na maneno matamu. Lipa kidogo kidogo, mama, kila Jumanne, mpaka deni liishe. Wakakubaliana palepale mlangoni, kwa mdomo. Tangu hapo Mama Sweta hakukosa hata Jumanne moja, na kila akilipa, ujumbe wa kampuni uliingia kwenye simu yake kwamba pesa imepokelewa.

Ndipo ikaja samansi. Alimwonyesha Begi.

"Hii nini tena? Si tuliongea tukamaliza?"

Begi aliitazama kama mtu anayeonyeshwa kidonda wakati wa kula. "Mama, hizo ni karatasi za ofisini, zinajitoa zenyewe. Wewe lipa tu."

"Wameandika Jumanne. Sasa niende kwao au nikungoje wewe?"

"Mimi nikikuta mlango umefungwa, naandika mteja ametoroka. Ukishaandikwa hivyo, makubaliano yetu yamekufa. Chagua mwenyewe."

Akachagua. Alimwona Begi kila wiki, uso kwa uso. Mahakama hakuwahi kuiona. Mtu huogopa anayemwona. Kwa hiyo Jumanne ile alikaa mlangoni, Begi akaja, akahesabu, akatia kifuani, akasema asante mama. Neno la kesi hakulitaja, na wala Mama Sweta hakuuliza. Wakati huohuo, ng'ambo ya mji, jina lake liliitwa mara tatu kwenye ukumbi, likakosa wa kuitika.

Hukumu ilimfikia kwa miguu ya watu wengine. Walikuja wanaume watatu asubuhi, mmoja amevaa koti na kalamu sikioni. Hakubisha hodi, alisukuma mlango.

"Nani mwenye mashine hii?"

"Salamu kwanza, baba. Hapa si kituo cha basi."

"Mimi ni dalali wa mahakama. Sikuja kusalimia." Akamsomea. Alipe deni lote kwa mkupuo, na riba, na gharama za wakili. Ndani ya wiki moja asipolipa, vitu vyake vitapigwa mnada. Na visipotosha, wataendelea kwa mdhamini.

Mdhamini alikuwa wifi yake. Mume wa Mama Sweta alikuwa amefariki, na yeye na wanawe wawili walibaki na chumba kimoja katika nyumba ya ukweni. Wifi alikaa chumba cha mbele, akiuza barafu na juisi dirishani kutoka kwenye friza kubwa nyeupe aliyoifuta kila asubuhi kwa bidii kuliko alivyofuta uso. Aliposikia neno mdhamini, alitoka na kitambaa mkononi.

"Mdhamini ndiye nani?"

"Wewe, mama," dalali akasema, huku jicho limeshavuka bega lake. "Friza ile ni yako?"

"Ya nani tena? Ya babu yako?"

"Ni nzuri. Inanunulika."

Walipoondoka, wifi alianza. Maneno yake yalisikika hadi barabarani, na watu walipunguza mwendo ili wasipitwe.

"Nilisema! Nilimwambia kaka yangu, huyu mwanamke ana mikono ya kufuma na kichwa cha kufumuka! Unalipa kila wiki, bado unahukumiwa? Unamlipa nani, mzimu?"

"Namlipa Begi, wifi. Na wewe unamwona."

"Namwona akichukua. Sijamwona akipeleka!"

"Anapeleka. Ujumbe unaingia."

"Basi nenda kaishi na huo ujumbe. Friza yangu ikitoka mlango huu, wewe na wanao mtatangulia."

Mdomo ukishapoteza nyumba ya kulala, haununui nyingine. Mama Sweta alijifunga, akaenda mahakamani kwa mguu, akauliza, akaelekezwa dirisha la masjala. Ndani alikaa karani mwanamke, miwani imeteremka puani, sura ya mtu aliyechoshwa na watu tangu juzi.

"Nimehukumiwa nikiwa nalipa," Mama Sweta akasema.

"Uliitwa?"

"Niliitwa, lakini Jumanne mimi huwa..."

"Ulikuja?"

"Nilikuwa nalipa deni lenyewe!"

"Nimekuuliza ulikuja."

"Sikuja."

"Basi." Karani aligeuza jalada. "Wakili wao alisema peke yake, na mwenye kusema peke yake hana wa kumshinda. Hukumu ya upande mmoja. Mlikuwa na makubaliano?"

"Ndiyo, mlangoni kwangu."

"Na hakimu alikuwepo hapo mlangoni? Nani alimwambia? Mama, kulipa ni jambo moja na kesi ni jambo la pili. Ungekuja hapa na huo ujumbe wa simu ukasema, mheshimiwa, tumeshaelewana, wangeandika maelewano yenu, na dalali asingepajua kwako. Umekaa nyumbani unamlinda mkusanyaji."

Nyuma ya Mama Sweta foleni ilikuwa inaguna.

"Sasa nifanyeje, dada?"

"Mimi si dada yako. Andika maombi leo, usisubiri siku zako ziishe. Omba dalali azuiwe, na omba kulipa kwa awamu kwa amri ya hakimu. Na usiache kulipa kwa hasira. Najua unataka kuacha. Wote mnataka. Ukiacha wiki hii, wakili wao atasimama aseme, tazameni, hata kidogo kile hawezi."

Kweli alitaka kuacha. Jumanne iliyofuata Begi alipofika, begi kifuani, tabasamu limetangulia, Mama Sweta alikuwa ameegemea mlango na mkasi wa kukatia uzi mkononi.

"Karibu, mwongo."

"Mama, matusi ya nini asubuhi?"

"Ulisema karatasi zinajitoa zenyewe. Na dalali naye amejitoa mwenyewe?"

Begi aliutazama mkasi, akarudi hatua. "Mimi nakusanya. Mambo ya mahakama yana watu wake, ghorofa ya juu. Hata kuwasalimia siwasalimii."

"Ulijua kesi inasomwa siku ile. Ulikalia kigoda changu ukanywa maji yangu."

"Nilijua ukienda huko hutanilipa mimi," Begi akasema, na safari hii hakutabasamu. "Wiki nisipofikisha hesabu nakatwa mshahara. Nami nina watoto. Unadhani ni wewe tu mwenye watoto hapa duniani?"

Basi ukweli ulikuwa huo. Hakuiba. Alimfungia mtu mlangoni ili hesabu yake itimie, akaondoka zake. Mwizi ungemshtaki. Huyu utamshtaki kwa lipi? Mama Sweta alitamani kumfuma puani kwa ule mkasi. Badala yake alifungua kitambaa akampa pesa, akasimama mpaka ujumbe ulipoingia, akausoma kwa sauti neno kwa neno huku Begi amesimama juani.

"Sasa potea."

Siku ya maombi kusikilizwa alikuwa wa kwanza kwenye benchi. Wakili wa kampuni alikuja amechelewa, kiatu kinalia, akajipepea jasho kwa jalada la kesi. Jina lilipoitwa, Mama Sweta aliitika kwa nguvu hadi askari wa mahakama akamwonyesha kidole mdomoni.

"Mheshimiwa," wakili akasema, "huyu mdaiwa anakuja kuomba sahani baada ya watu kuosha vyombo. Tulimwita, akatudharau."

"Sikudharau, mheshimiwa. Nilikuwa nakatazwa kuondoka mlangoni na mtu wao." Akaeleza, akatoa simu, hakimu akausoma ujumbe mmoja baada ya mwingine, polepole, bila kuinua uso.

"Wakili, pesa hizi mmepokea?"

"Tumepokea, lakini ni kidogo, na hakuna maandishi ya makubaliano."

"Sikuuliza kama ni kidogo." Akamgeukia Mama Sweta. "Wewe. Kutokuja ni kosa lako, usinipe mkusanyaji kama kisingizio. Unaweza kulipa kiasi gani kwa mwezi?"

Hapa wengi huangamia. Ukiwa mbele ya hakimu, aibu hukuvuta ulimi, unataja pesa ya mtu mwingine. Mama Sweta naye alikwishafungua mdomo kutaja kubwa ili aonekane mtu. Kisha akafikiria masweta ya kahawia aliyoagizwa kabla ya shule kufunguliwa, akatoa pesa ya uzi, akatoa ya chakula cha wanawe, akataja kilichobaki. Wakili alicheka. Alitaka mara mbili yake. Hakimu akaongeza kidogo juu ya kile cha Mama Sweta, akaandika.

"Dalali asimame. Utalipa kwa awamu, ya kwanza Jumatatu, ofisini kwao, siyo mlangoni kwako. Ukikosa awamu moja, zuio limeondoka lenyewe, na dalali atarudi bila kukuuliza. Umesikia?"

"Nimesikia, mheshimiwa."

"Rudia."

Akarudia kama mtoto wa shule. Hakujali. Alingoja amri ipigwe muhuri, akaishika kwa mikono miwili njia nzima, karatasi isikunjike.

Nyumbani, mlango wa chumba chake ulikuwa wazi.

Meza ilikuwepo. Kiti kilikuwepo. Mabunda ya uzi wa kahawia yalikuwa yametapakaa sakafuni, na moja lilikuwa limekanyagwa na kiatu kikubwa. Pale juu ya meza mashine ilipokaa, palikuwa na umbo safi la mstatili katikati ya vumbi la nyuzi.

Wifi alikuwa dirishani kwake, anafuta friza.

"Wifi. Mashine yangu iko wapi?"

"Iko kwa wenyewe."

"Nani aliwafungulia?"

"Mimi. Nyumba ya baba yangu, funguo ninazo." Hakugeuka. "Nilimpigia simu dalali. Nikamwambia, kilichokopwa ni kile, kichukue, usinizoee dirishani kwangu. Akaja mbio."

"Siku zangu zilikuwa hazijaisha!"

"Zangu zilishaisha. Tangu waje wale, silali. Wateja wananiuliza kama friza imeuzwa."

Mama Sweta alimwekea ile amri mbele ya pua. Wifi aliisoma, midomo ikitembea. Kitambaa kikapunguza mwendo. Lakini hakuwa mtu wa kushindwa akiwa kwake.

"Si ungesema unaenda mahakamani?"

"Nikuambie wewe? Tunaongea tangu lini?"

Alikimbia hadi kwenye yadi ya dalali. Ilikuwa uwanja wa mabati, umejaa vitanda vya watu, pikipiki, televisheni zimegeuzwa uso ukutani kama watoto walioadhibiwa. Mashine yake ilikuwa nje, juu ya godoro la mtu, bila kufunikwa. Kile kipande kinachoteleza juu ya sindano kilikuwa kimefungwa kwa kamba ya katani. Sindano tatu pembeni zilikuwa zimepinda.

Dalali alisoma amri akiwa amesimama, kalamu sikioni.

"Inasema nisimame."

"Ndiyo. Nirudishie."

"Nimesimama. Ila nilisimama baada ya kubeba. Amri imenifikia sasa hivi, na mzigo nilipewa na mwenye nyumba kwa mkono wake. Utaichukua, sikatai. Kuna gari, wabebaji wawili, na nafasi ya yadi." Akataja pesa.

Ilikuwa karibu sawasawa na awamu ya Jumatatu.

"Hiyo ndiyo pesa niliyonayo ya kuwalipa wao!"

"Basi walipe wao. Mashine haina miguu, itakungoja. Ila nafasi ya yadi inahesabiwa kila siku."

"Nitakurudisha kwa hakimu."

"Nenda. Leo Ijumaa, wameshafunga. Jumatatu utapanga foleni, utapewa tarehe. Mimi sina haraka, mama. Nimezaliwa katika kazi hii."

Alitoka nje akaegemea bati. Akimpa dalali ile pesa, Jumatatu amekosa awamu, zuio limekufa, mashine itabebwa tena kabla haijafuma sweta moja. Akiiacha mashine, Jumatatu atalipa, lakini awamu ya pili itatoka wapi? Watoto wataingia shule na masweta ya mfumaji mwingine. Kila upande aliogeuka, palikuwa na mtu ameshika kamba.

Kisha akaona. Wengine wote walikuwa wameshika kamba, lakini mmoja alikuwa amejifunga nayo kiunoni bila kujua.

Alirudi taratibu. Hakupiga kelele. Alisimama mbele ya dirisha la wifi, wateja wawili wakiwa pale na chupa zao, akasema kwa sauti ya kawaida, sauti ambayo wifi hakuizoea.

"Wifi, nina swali. Bila mashine, mimi nitalipa na nini?"

"Utajua mwenyewe."

"Najua. Jumatatu nitalipa. Mwezi ujao sitalipa, maana sitakuwa na sweta hata moja. Siku hiyohiyo zuio linaondoka. Dalali atakuja. Kwangu atakuta meza na kiti." Akaitazama friza. "Atafanya nini?"

Mteja mmoja akaacha kunywa.

"Ile mashine ikipigwa mnada itatosha kulipa deni," wifi akasema, lakini haraka mno.

"Imetumika, imepinda, imelala juani. Na deni lina riba na wakili juu yake. Alituambia sote hapa, visipotosha anahamia kwa mdhamini. Ulidhani umemtoa mlangoni, wifi? Umemsafishia njia. Mashine ndiyo ilikuwa ukuta wako. Umeubomoa kwa mkono wako, ukamwita aje abebe matofali."

Wifi akawaangalia wateja kana kwamba wao ndio walioomba mkopo.

"Mnangoja nini? Hakuna juisi! Ondokeni!"

Walipoondoka, alikaa juu ya kreti, mkono juu ya friza. Kisha akafungua kabati, akatoa kikopo cha maziwa, akatoa pesa huku anahesabu na kutukana kwa zamu.

"Nyoka. Kaka yangu alioa nyoka. Ulifundishwa wapi kuongea hivi?"

"Dirishani mahakamani."

"Na usidhani ni kwa wema. Nalipa kwa ajili ya friza. Hata nikifa leo, usiseme nilikusaidia."

"Sitasema."

Walikwenda pamoja, mmoja mbele mmoja nyuma. Yadini, wifi alimgombeza dalali mpaka akapunguza pesa ya wabebaji, maana mmoja wa wabebaji hao, alisema, alimwona kwa macho yake amesimama tu akila karanga. Dalali alipokea iliyobaki kwa kinyongo. Wakapakia mashine kwenye mkokoteni, wakaishika huku na huku isiyumbe. Mwenye mkokoteni, mtu wa porojo, akauliza kama wao ni ndugu.

"Hapana," wakajibu kwa pamoja.

Jioni hiyo Mama Sweta alizinyoosha sindano mbili kwa koleo. Ya tatu ilikatika, akaacha pengo, akahamishia mishono upande wa kulia. Jumatatu alilipa awamu ofisini kwao, kaunta ya chini, akadai stakabadhi yenye muhuri, na yule msichana wa kaunta alipomwambia akalete mkusanyaji wake, alimwambia mkusanyaji ni wenu, stakabadhi ni yangu. Akapewa.

Deni halijaisha. Litachukua muda, na mwezi mmoja wa uzembe unatosha kulifufua lote. Wifi naye hajamsamehe mtu. Ila tangu siku ile mlango wake wa ndani hufunguliwa tangu asubuhi, sikio limeelekezwa chumba cha mashine. Mashine ikilia kwa mfululizo, hunyamaza na kuuza barafu yake. Ikisimama kidogo tu, husikika akipaza sauti kutoka dirishani.

"Mbona kimya huko?"

"Nabadilisha uzi!"

"Badilisha upesi!"

Na Mama Sweta hubadilisha upesi.